Rowan Aliyegeuka

3 Machi 1986

Baridi haijalegea. Ndoo zote zimeoshwa, vibomba vya kutegea miti viko juu ya meza ya jikoni, na Baba ameanza kutoa amri tangu alfajiri kana kwamba utomvu wa mimepo, miti yetu ya shira, unamsikiliza yeye. Ana miaka themanini na mitatu. Mimi nina hamsini na miwili na bado naambiwa nivae soksi.

Nimeanza kuandika humu kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno. Mama alifariki Februari. Misa ilisomwa, watu wakala, wakalia, wakaenda zao, lakini Mama mwenyewe hajazikwa. Yuko makaburini, ndani ya kile chumba cha mawe, pamoja na wenzake wawili waliofariki baridi hii, wanangoja ardhi ilainike. Huku kwetu anayekufa Februari huzikwa Mei. Nimeliona jambo hilo maisha yangu yote, ila sikujua kwamba kungoja namna hii kunamnyima mtu hata kulia vizuri.

Niandike lililo moyoni, nisijizungushe. Siku chache kabla ya kukata roho, Mama alimshika Baba mkono akamwambia, "Siku ya kunizika, Mona asimame nanyi." Baba akageukia dirishani. Mona ni mdogo wangu. Mwaka 1958 aliolewa na Wesley Stinson wa Barabara ya Sita, Mprotestanti, mtoto wa watu wa Orenji, wale ambao kila Julai huandamana nyuma ya farasi mweupe wakiimba jinsi mfalme wao William alivyotupiga. Sisi wa Barabara ya Nne ni Wakatoliki, na Julai tunafunga madirisha. Baba alimwambia Mona siku ile kwamba mlango huu haumjui tena. Kutoka hapa hadi kwake ni kuvuka kinamasi tu. Kwenye misa ya Mama alikaa benchi la mwisho, na Baba hakugeuza shingo.

Basi nina hadi Mei kumbadilisha Baba.

6 Machi

Baridi. Hakuna tone.

9 Machi

Baba ameagiza jiwe jipya la familia. Chini litakuwa jina la Mama, na la Baba likisubiri tarehe yake. Juu kabisa litakuwa jina la Thomas Rowan, baba wa babu yake, ndiye aliyekuja kutoka Ireland. Jiwe la zamani lilipasuliwa na barafu, na hata lilipokuwa zima lilisema tu "mzaliwa wa Ireland". Kwenye makaburi yetu hiyo ni aibu ya wazi. Mawe yote ya wazee yanataja parokia aliyozaliwa mtu, na la mzee Enright linataja hata kilima.

Leo kwenye ngazi za kanisa Jerome Enright, jirani yetu na mtani wa Baba tangu shule, alianza tena.

"Ambrose, umeshajua mnakotoka?"

"Tipperary."

"Tipperary kubwa, bwana. Hata ndama wangu anajua zizi lake."

"Ndama wako! Mama yake mwenyewe hamjui, na wewe mwenyewe huna hakika na dume."

Watu wakacheka, Baba akacheka, lakini garini alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Mena," akaniambia, "nitafutie hiyo parokia. Sitaki kulala chini ya jiwe lisilojua kwao. Mkataa kwao mtumwa."

Nilitaka kumwuliza, na aliyekataliwa na kwao je? Nikaendesha gari.

13 Machi

Jua kidogo mchana. Tumetoboa miti ya upande wa kusini. Baba anatoboa, mimi natundika ndoo. Ndoo zimebaki kavu.

17 Machi

Mtakatifu Patriki. Karamu kwenye ukumbi wa parokia, nyama ya ng'ombe na kabichi, na Baba amesimulia tena hadithi ya Thomas Rowan. Kwamba alimpiga wakala wa mwenye shamba, akamwangusha matopeni, akakimbilia melini usiku huo huo huku askari wakimfuata. Mwaka jana wakala alikuwa na bastola moja. Mwaka huu alikuwa na mbili na mbwa.

Kwa hadithi hiyo Baba anaeleza pia kwa nini hatumjui ndugu hata mmoja wa Thomas: mtu anayewindwa hasemi kwao ni wapi. Watoto wa jirani yetu Culhane walikaa midomo wazi. Nikamwangalia Baba akipunga uma kama upanga, nikampenda sana, Mungu anisamehe kwa mengine yote ninayomfikiria.

20 Machi

Utomvu umeanza! Usiku barafu, mchana jua, ndivyo miti inavyotaka. Sina muda wa kuandika.

22 Machi

Majibu yamefika kutoka Ireland. Vuli iliyopita, Mama akiwa bado na nguvu, tuliandikia mapadre watatu wa kaskazini ya Tipperary. Mama ndiye aliyechagua parokia kwenye ramani, kwa kidole, akisema hapa panafanana na mahali ambapo mtu anaweza kutoroka.

Mapadre wote watatu wamejibu kwa upole, na wote wametafuta kwenye vitabu vyao vya ubatizo. Kina Rowan hawapo. Yupo mmoja tu, naye ni mwanamke aliyebatizwa miaka hamsini baadaye. Padre wa tatu ameandika kwamba atamwombea Mama, na kwamba nami nilikumbuke paa la kanisa lake linalovuja.

Nilimsomea Baba bandani huku tukichemsha utomvu uwe shira. Akakoroga karai muda mrefu. "Waandikie wengine," akasema. "Wakatoliki hawapotei namna hiyo."

26 Machi

Nimekwenda kwa paroko kuangalia kitabu chetu cha ubatizo cha zamani, maana nilijiambia: kama huioni njia aliyotokea mtu, angalia aliokaa nao baada ya kufika.

Thomas alimwoa Bridget Enright, wa ukoo wa Jerome, na wakabatiza watoto saba. Nikaangalia wasimamizi wa ubatizo. Enright, Enright, Culhane, Enright. Wote wa upande wa mke. Kwa watoto saba hakuna Rowan hata mmoja aliyeshika mtoto. Kwetu kaka wa mume husimamia mtoto wa kwanza, na kama hayupo husimama binamu, na kama hayupo hutafutwa mtu wa kijiji chake. Thomas hakuwa na mtu. Alikuja kama uyoga, peke yake, asubuhi moja.

Kisha nikaona jambo la pili, na hilo lilinikalisha. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye babu yake Baba, aliyejulikana na wote kama Joe. Kumbe alibatizwa William Joseph. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa mume, hiyo ni sheria hata leo. Kwa hiyo baba yake Thomas aliitwa William. Lakini hakuna Mkatoliki wa Barabara ya Nne anayemwita mtoto William. Hilo ni jina la yule mfalme wa farasi mweupe. Kwetu William ni jina la dume la ng'ombe, ili mtu apate sababu ya kumpiga.

Nilimwambia Baba mezani. Akasema paroko wa zamani alikuwa mlevi.

30 Machi

Pasaka. Mvua ya barafu. Nimemwona Mona kanisani benchi la mwisho, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Ana mvi sasa, mdogo wangu.

3 Aprili

Leo nimefanya jambo. Mona nami hukutana dukani kijijini siku za Alhamisi, tunasimama kwenye rafu ya unga kama wezi, tunaulizana hali. Leo akasema, "Dada, njoo nyumbani unywe chai. Utasimama na unga mpaka lini?" Nikapanda gari lake. Sikuwa nimewahi kuingia nyumba ile.

Ni nyumba ya kawaida tu. Sijui nilitegemea nini, labda farasi mweupe sebuleni. Wesley aliniambia "karibu, shemeji," akatoka kwenda kutazama ng'ombe ili tuwe huru. Kwenye kiti cha mto kando ya jiko alikaa mama yake, Bibi Eliza, ana miaka tisini na moja na macho makali kama ya kuku.

"Huyu ndiye dadake Mona?" akauliza. "Rowan mwingine. Mnatujia mmoja mmoja."

"Mama, tafadhali," Mona akasema.

"Nini tafadhali? Mmoja wetu aliwaendea wao, mmoja wao akatujia sisi. Tumelipana."

Nikaweka kikombe chini. "Nani aliwaendea, Bibi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Rowan. Tom Rowan. Si yeye aliyegeuka?" Kisha akaona uso wangu. "He! Hamjui? Barabara nzima ya Sita tunajua. Nilipokuwa msichana, kijana akianza kwenda mbali kutafuta mchumba, mama yake humwambia, 'Usije ukanifanyia Urowan.' Maana yake uende ukapende, usirudi. Alimfuata binti wa Enright ng'ambo ya kinamasi, akabatizwa na padre wenu. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa letu. Ilimvunja."

"Baba yake aliitwa nani?"

"William. Yupo pale pale kanisani kwetu, upande wa ukuta. Nendeni mkamwangalie, hang'ati."

Mona alikuwa amefunika mdomo. Miaka yote hiyo ameishi pale, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu walidhani sisi ndio tunaojua. Mimi nimewaandikia mapadre watatu ng'ambo ya bahari, na jibu lilikuwa kwa bibi kizee aliye upande wa pili wa kinamasi. Tulimtafuta Thomas kwenye vitabu vya Wakatoliki tu. Haikutupitia akilini kwamba mtu wetu angeweza kuzaliwa mahali pengine.

5 Aprili

Tumekwenda, Mona nami, na koleo mbili.

Kanisa lao ni dogo kuliko letu na safi kuliko letu, nakiri. Upande wa ukuta theluji ilikuwa bado inafika kiunoni, nzito, ya kuyeyuka. Tulichimba tukitoa jiwe baada ya jiwe, kina Stinson, kina Hodgins, na Mona akinitambulisha kwao kama kwenye harusi, "huyu babu wa mume wangu, huyu alikufa kwa kuangushwa na farasi." Tulicheka, jambo ambalo hatujafanya pamoja tangu tukiwa wasichana.

Halafu tukampata.

*William Rowan, mzaliwa wa parokia ya Kilvarna, kaunti ya Tipperary. Alifariki mwaka 1851. Baba wa George.* Kisha nafasi. Kisha *na Robert.*

Kilvarna. Nililitamka kwa sauti. Nimelitafuta jina hilo tangu vuli, Mama amelitafuta kwa kidole chake juu ya ramani, na lilikuwa limeandikwa hapa kwa herufi nzuri, mwendo mfupi kutoka kitandani mwangu. Nililia. Nililia hasa kwa kuwa sikuweza kukimbia nyumbani nikamwambie Mama.

Mona hakuwa analia. Alikuwa amevua glavu, anapapasa ile nafasi kati ya George na Robert. "Dada, shika hapa." Nikashika. Jiwe pale limebonyea, na ndani ya bonde lile kidole kinakutana na mikwaruzo mingi. Palikuwa na jina. Mtu ameliondoa kwa patasi.

"Aliagiza jiwe lake akiwa hai," Mona akasema. "Bibi Eliza ameniambia. Majina yote matatu yalikuwepo. Thomas alipobatizwa, mzee akaja mwenyewe na patasi."

Tukasimama. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa la kanisa. Mona akavaa glavu zake, akasema kwa sauti ndogo, "Basi mimi nina mwenzangu."

7 Aprili

Utomvu unashuka mchana kutwa. Sijamwambia Baba.

8 Aprili

Sijamwambia.

10 Aprili

Ndoo zinafurika. Baba ananiuliza mbona nimenyamaza, au nimepata mchumba.

12 Aprili

Nimemwambia.

Tulikuwa bandani, karai limejaa, mvuke hadi kwenye paa. Shira ilikuwa imefika ule wakati wa hatari, inapoanza kupandisha mapovu madogo, na Baba alikuwa na kijiko chake mkononi akiangalia inavyodondoka. Nikaona nikingoja wakati mzuri nitangoja mpaka na mimi niwekwe kwenye chumba cha mawe.

"Baba, nimelipata jina. Ni parokia ya Kilvarna."

Uso wake! Sijauona uso ule tangu Mama alipokuwa mzima. "Kilvarna," akasema. "Kilvarna! Nani amekuambia?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kanisa, jiwe, William, jina lililofutwa. Nilisema haraka, sikumwangalia. Nilipomaliza bado alikuwa amesimama na kijiko hewani.

"Uongo wa Orenji," akasema.

"Baba, nimeona kwa macho yangu."

"Wamelichonga wenyewe!"

"Wamelichonga lini? Limeota kuvu. Na mtoto wa kwanza aliitwa William, Baba, umekataa kuliona hilo. Na hakuna Rowan aliyeshika mtoto hata mmoja kati ya saba. Thomas hakumkimbia wakala yeyote. Baba yake alimfukuza kwa sababu ya kuoa."

"Nyamaza."

"Alimfukuza kama wewe ulivyo..."

"Nimesema nyamaza, Philomena!"

Tukanusa wote kwa wakati mmoja. Karai lilikuwa limeungua. Moshi mweusi, harufu chungu inayokaba koo. Baba amechemsha shira tangu akiwa kijana na hajawahi kuunguza karai. Akaliangalia kana kwamba ni la mtu mwingine. Kisha akaweka kijiko juu ya benchi, taratibu, akatoka.

Nimekwangua karai lile hadi magoti yakaniuma. Sijutii. Nasikitika, lakini sijutii.

13 Aprili

Baba hasemi.

14 Aprili

Baba hasemi. Mvua.

16 Aprili

Baba amesema "chumvi".

18 Aprili

Jerome Enright amekuja, bila kubisha, kama kawaida yake. Habari zimeshavuka kinamasi. Nilitamani kumzuia mlangoni, lakini nani amewahi kumzuia Jerome.

"Hamjambo humu! Nasikia natakiwa kumsujudia jamaa ya mfalme William!"

Baba hakuinua kichwa. Jerome akasubiri arudishiwe, hakurudishiwa. Akavuta kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, maana mtu akianguka Jerome huwa wa kwanza kuhesabu alivyoanguka. Lakini alipozungumza tena alikuwa na sauti nyingine.

"Ambrose, sikiliza. Nyumbani kwetu kuna msemo wa nyanya yangu, na sikuwahi kuuelewa mpaka juzi. Mtu akija bila kualikwa, nyanya husema, 'Mpe kiti cha Tom.' Nilidhani Tom ni paka." Akacheka peke yake. "Huyo mtu alikuja kwetu na nguo alizovaa. Walimpa Bridget, wakamkatia shamba hili unalokalia. Watoto wake saba tumewashika sisi kwenye maji ya ubatizo. Hatukumwuliza kwao wapi, na hatukuwaambia watu alikotoka. Mimi nimekutania kuhusu parokia miaka hamsini, kumbe wazee wangu walijua na wakafunga midomo."

"Kwa nini?" Baba akauliza. Ilikuwa sauti ya kwanza ya kweli tangu Jumamosi.

"Sasa wangefanya nini? Alikuwa mkwe."

Jerome akanywa chai yake, akaomba ya pili, akaondoka na chupa ya shira niliyomnyima mwaka jana.

21 Aprili

Asubuhi Baba alishuka amevaa koti la kanisani. "Nipeleke," akasema. Sikuuliza wapi.

Theluji imekwisha upande ule, majani ya mwaka jana yamelala chini kama nywele zilizolowa. Baba hakutaka nimshike mkono. Alivua kofia, akasoma jiwe taratibu akitembeza midomo, kisha akainama kwa shida na kuweka kidole gumba pale kwenye bonde. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilisikia magoti yake.

"Alitumia patasi butu," akasema.

Nikainama nami niangalie.

"Thomas. Ni jina fupi. Mwenye patasi kali angelimaliza kabla ya chai. Huyu amerudia, akarudia. Angalia, hapa mkono umeteleza." Akanionyesha mahali ambapo alama imetoka nje na kuikata herufi moja ya jina la George. "Mzee alikuwa haoni vizuri wakati ule, au alikuwa analia. Ndiyo, mpumbavu alikuwa analia."

Tukarudi. Tulipopita nyumba ya Mona, nguo zilikuwa kwenye kamba na moshi ukitoka jikoni. Nilipunguza mwendo. Baba akatazama mbele, na mimi nikakanyaga mafuta nikiwa na hasira ya kutosha kuvunja gari.

24 Aprili

Fundi wa mawe amekuja kuchukua maneno. Baba aliyasema kwa kichwa, bila kusita: "Thomas Rowan, mwana wa William, mzaliwa wa parokia ya Kilvarna, kaunti ya Tipperary." Fundi akaandika. Baba akarudia, "Mwana wa William. Usilisahau hilo."

Basi amemrudisha Thomas kwa baba yake. Nilifurahi, nikadhani sasa ndipo. Fundi alipoondoka nikasema, "Na Mona, Baba? Mama alikuomba."

Alichukua ndoo mbili tupu akatoka kwenda msituni. Hakuna utomvu tena, matumba yameanza kufunguka. Alikuwa anakwenda kuchota nini?

Nimechoka. Ni rahisi kumsamehe aliyekufa, maana hatakuja kula chakula cha Jumapili.

29 Aprili

Ardhi imefunguka. Paroko ametangaza: Mama azikwe Jumamosi.

2 Mei

Jerome amepitia nyumba za Barabara ya Nne kukusanya wachimbaji. Kwetu kaburi halichimbwi na mtu wa kulipwa, wala na mwenye msiba. Wanachimba majirani, asubuhi ya siku yenyewe, na mwenye msiba hagusi hata chepe. Ukimwona mtu shimoni, ujue ni jirani. Ukimwona amesimama mikono mitupu, ujue ni wa familia.

Mona amepiga simu. "Nije, dada, au nikae langoni?"

Nikamwambia aje. Kisha nikasema ukweli, kwamba Baba hajasema kitu.

"Nitakaa langoni," akasema.

3 Mei

Nitaandika mara moja, kabla sijaanza kulipamba.

Tulifika makaburini kaburi likiwa karibu kwisha. Jua, upepo kidogo, udongo mwekundu umerundikwa vizuri. Shimoni walikuwa Jerome, ambaye kwa umri wake anachimba kwa mdomo tu, na vijana wawili wa Culhane. Baba alisimama juu akiwa na koti lake jeusi, mimi kando yake, na hapakuwa na mwingine wa kusimama nasi. Sanduku la Mama lilikuwa limetolewa kwenye chumba cha mawe, limewekwa juu ya vigogo. Mona alikuwa langoni kama alivyosema. Watu wa parokia walipita kando yake wakimpa mkono, kisha wakaja kwetu wakatupa mkono na sisi.

Ndipo Wesley Stinson akaingia.

Alivaa suruali ya suti na mabuti ya mpira, na begani alikuwa na chepe. Alipita katikati ya watu wote wa Barabara ya Nne, masikio mekundu, akaja moja kwa moja hadi ukingoni mwa kaburi. "Nimesikia majirani wanachimba," akamwambia Jerome. "Sisi ni majirani ng'ambo ya kinamasi. Ningependa kusaidia."

Jerome akamtazama Baba. Kila mtu akamtazama Baba. Miaka ishirini na minane na hawajawahi kupeana hata salamu.

Wesley akakanyaga chepe kwenye udongo.

"Weka hicho chini," Baba akasema.

Nilifunga macho. Nilimsikia kijana wa Culhane akivuta pumzi. Wesley alijibu kwa heshima, "Mzee, sikuja kuleta ugomvi. Mama Agnes alikuwa bibi wa wanangu."

"Nimesema weka chini. Jerome, unamwangalia tu mtu anashika chepe? Umri wote huo hujui desturi?" Baba alikuwa amenyoosha mkono. "Kaburi wanachimba majirani. Mkwe hachimbi. Mkwe anasimama huku."

Hakuna aliyesogea. Nadhani Wesley hakuelewa. Jerome ndiye aliyemtoa chepe mkononi, kwa upole, akamsukuma kidogo mgongoni, naye akaja akasimama upande wa pili wa Baba, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Baba akageuza shingo. Aligeuza polepole, na mwili mzima ukafuata, mpaka akawa anaangalia langoni.

"Na wewe Mona," akaita, na sauti ikamkatika, akaanza tena. "Na wewe, unasimama mbali huko kwa nini? Mama yako anakungoja tangu Februari."